Damu ya Pande Mbili

Wasomaji wangu, kabla sijawafungulia boma la leo, nina kosa la kukiri. Wiki jana niliandika hapa, kwa kalamu yangu mwenyewe, ati Nakhungu ndiye aliyemletea mtoto wake Jentrix ugonjwa wa damu. Mke wangu alisoma gazeti, akaliweka chini ya sufuria moto, akaniuliza, "Kwani wewe ulizaliwa na mzazi mmoja?"

Sikupewa chai mpaka nikakubali. Nimekubali. Nilimsikiliza sana mama mkwe wa Nakhungu, nikaandika vile alivyosema, na yule mama akisema jambo hata wino unaogopa kubisha.

Haya, turudi Misikhu.

Ni mwaka wa themanini na tisa, mahindi yamekauka shambani. Tuko kwa mzee Wabwile, babake Nakhungu. Watu wa upande wa bwana wamefika kutoka Chwele kudai ng'ombe zao za mahari, kwa sababu mama Nanyama, mamake Festus, ametangaza hawezi kuwa na ukwe na watu wa damu mbovu. Nakhungu mwenyewe alirudishwa kwao tangu wakati wa kupanda, mtoto mgonjwa mgongoni. Mzee Wepukhulu, ndugu mdogo wa marehemu babake Festus, ameshamshika ng'ombe wa kwanza kamba.

Ndipo Festus, bwana wa Nakhungu, akatokea kwenye ua akihema, vumbi la lori la Kitale bado kwenye kope, akasema:

"Baba mdogo, achilia hiyo kamba."

Hapo ndipo nilikatia wiki jana, na najua mlinitukana.

"Niachilie kwa nini?" Wepukhulu aliuliza.

Festus alifungua mdomo. Maneno aliyoyabeba kutoka Kitale yalifika kwenye meno, yakageuka, yakarudi tumboni.

"Huyu ng'ombe ako na mimba," alisema. "Hawezi kutembea mpaka Chwele."

Watu wakamwangalia ng'ombe. Ng'ombe naye akawaangalia.

"Festus," mzee Wabwile alisema polepole, "huyo ni dume."

Majirani waliokuwa wameegemea ua walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Jikoni nako kicheko kilitoka, kikazibwa na leso. Huyo ni mamake Nakhungu. Mnajua mila zetu, mama mkwe haonani uso na mume wa binti yake, kwa hivyo Festus alipotokea tu, yule mama aliruka ndani ya jikoni na mwiko wake mkononi.

"Na huyu ndiye alisomea kilimo, bana," Wepukhulu alisema. "Kijana, toka njiani."

Festus akatoka njiani.

Ndiyo, nimeandika hivyo. Alisogea. Angalia mtu mzima, msimamizi wa shamba la mbegu, watu wengi chini yake, anasogea pembeni kumpisha dume apite na jina la mke wake.

Lakini mlango wa nyumba ulifunguka, Nakhungu akatoka, Jentrix mgongoni. Mtoto ni wa kwenda shule lakini bado anabebwa, magoti yamefungwa vitambaa vya sufu. Nakhungu alitandika mkeka palipo na jua, akamlaza, kwa sababu joto ndilo linatuliza hayo maumivu. Halafu akasimama mbele ya bwana yake.

"Festus." Hakusema baba Jentrix, kama alivyozoea. "Siku ile Kitale tulitolewa damu sisi wawili. Daktari akasema turudi kusikia majibu. Mimi nikafukuzwa kabla siku haijafika. Wewe ulirudi?"

"Nilirudi."

"Alisema nini?"

Festus aliangalia viatu vyake. Viatu havikumsaidia.

"Alisema nini, Festus? Ama pia daktari alizungumza habari ya mimba ya dume?"

Sasa hakuna aliyecheka.

"Alisema ni sisi wawili."

"Sema na sauti. Baba yangu hajasikia."

"Ni sisi wawili. Mimi na wewe. Huu ugonjwa unaitwa sikoseli. Damu inajipinda kama mundu wa kukata nyasi, inakwama kwenye mishipa. Na mimi nimeubeba sawa na vile umeubeba."

Wepukhulu alisimama na kamba yake. Dume akasimama pia.

Mama Nanyama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, leso ya akina mama wa kanisa imefungwa vizuri kichwani. Hakuinua sauti. Yeye hahitaji.

"Umebeba nini, wewe? Hujawahi kulala hospitali hata siku moja. Ulikula nyumbani kwangu, ukalima, ukacheza mpira. Nani amekudanganya?"

"Ndiyo maana sikujua, mayi. Mwenye kubeba haugui."

"Sasa kama haugui amebeba nini?"

Hapo Festus alijikuta kwenye uwanja wake. Hilo swali linamhusu kila siku kazini. Huko Kitale anasimamia akina mama wanaong'oa maua ya juu ya mahindi ya mstari wa jike, ili upate unga wa maua ya mstari wa dume peke yake. Hakuna mtu Trans-Nzoia nzima anajua zaidi yake kwamba kila punje ina baba na ina mama.

"Mayi, chukua hindi nene na lingine nene," alisema. "Ukiyaangalia, yote mazuri. Lakini kila moja linaweza kuwa limeficha mkunjo ndani yake, jicho haliuoni. Ukiyapandisha, punje nyingi zinatoka nene. Lakini hapa na pale inatoka moja imekunjamana. Hiyo imepata mkunjo wa baba na mkunjo wa mama. Kama ni mzazi mmoja tu ameficha, hakuna punje itajikunja. Hata moja."

"Kwa hivyo umepanda lori kutoka Kitale," Wepukhulu alisema, "kuja kutuambia wewe ni hindi."

"Wacha aseme," mzee Wabwile alimkatiza. Mzee alikuwa amevua kofia. "Kijana, si kila mtoto basi?"

"Si kila mtoto, baba. Wengine wanatoka wazima kabisa. Wengine wanabeba tu kama sisi, na wanazeeka bila kujua. Jentrix ndiye alipata pande zote mbili."

"Nimeelewa. Sasa niambie kitu kingine. Hayo majibu uliyapata lini?"

Wasomaji, kuna maswali ambayo mtu anayajua kabla hayajaulizwa, na bado yakifika yanamkuta uchi.

"Mahindi yalikuwa yamefika magotini," Festus alisema.

"Na sasa?"

"Sasa yamekauka."

Mzee Wabwile alizungusha kofia mkononi.

"Mahindi yalikuwa magotini. Yakafika kiunoni, yakachanua, yakabeba, yakakauka. Na wakati huo wote mtoto wangu anaitwa damu mbovu soko nzima ya Chwele. Mama yake hawezi kununua dagaa bila kuulizwa ukoo. Na wewe ulikuwa unajua."

"Niliona aibu, baba."

"Ya nani?"

"Yangu." Festus alipangusa uso, vumbi likawa matope. "Siku ile nilitoka hospitali kwa lango la nyuma, lile la kupitisha nguo chafu, nisikutane na mtu wa kazini. Nikasema nitakuja Jumapili niwaambie. Jumapili ikafika, nikasema Jumapili ingine. Mayi alikuwa ameshasema kanisani. Nikaona nikisema, nitakuwa nimemwita mama yangu mwongo."

"Kwa hivyo ukaona heri mimi," Nakhungu alisema.

Akapiga hatua moja kumkaribia.

"Akina mama wa shambani wakikuuliza mtoto anaendeleaje, uliwaambia nini?"

"Nakhungu, tafadhali."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia..." Aliangalia mkeka, ambapo binti yake alikuwa anamtazama na macho makubwa, yale meupe yake yamegeuka manjano. "Niliwaambia damu ya mamake ndiyo inamsumbua."

Nakhungu alijifunika uso na leso. Hakulia, au kama alilia, leso ilinyamaza naye. Majirani wa kwenye ua walianza kuondoka mmoja mmoja, vile watu huondoka wakiona mlango wa choo umefunguka na mtu ako ndani.

Mimi pia ningeondoka. Lakini nyinyi mmenilipia gazeti.

Mama Nanyama alisimama.

"Basi," alisema. "Mtoto wangu amechanganyikiwa na mapenzi, na daktari amechanganya chupa za damu. Mimi nimeolewa nikiwa msichana, nimezaa, nimelea. Nyumbani kwangu hakujawahi kulia mtoto wa kuumwa magoti. Kwa marehemu hakuna, kwetu hakuna. Wepukhulu, vuta ng'ombe."

Wepukhulu akavuta. Dume akapiga hatua, na wale wanawake waliomsindikiza Nanyama kutoka Chwele wakafunga leso kiunoni kuanza safari. Festus alisimama na mikono mitupu. Alikuwa amesema yote, akajipaka uchafu mbele ya wakwe, na bado ng'ombe zinaenda. Ukweli wake ulikuwa umekataliwa kama noti iliyoraruka.

"Ngojeni kwanza."

Sauti ilitoka jikoni.

"Mimi siwezi kutoka," mamake Nakhungu alisema kutoka nyuma ya ukuta, "mkwe wangu ako hapo na sitaki tuharibiane macho. Lakini huu ukuta ni wa matope tu, maneno yanapita. Mama Festus, si unisaidie na jambo moja. Mtoto wako anaitwa nani?"

"Unajua jina lake," Nanyama alisema.

"Festus najua. Hilo ni la kanisa. Nauliza la nyumbani, lile mlimpa siku alizaliwa."

Nanyama alikaza fundo la leso kichwani. Wanawake wa Chwele waliangaliana.

"Basi mkwe wangu anisaidie. Baba, unaitwa nani kwenu?"

"Makokha," Festus alisema.

Nyinyi mliolelewa Bungoma tayari mmeshika mdomo. Kwa wale wa mbali, wacha niwaeleze haraka. Makokha ni jalala, pale majivu na takataka hutupwa. Mama akizaa mtoto akafa, akazaa mwingine akafa, akazaa tena akafa, basi anayefuata hawamchekelei. Wanamfunga kwenye kitambaa kibovu, wanampeleka jalalani alfajiri, wanamtupa hapo. Kifo kikipita kione ni takataka tu, kiende zake. Halafu mwanamke mwingine anajifanya anapita, anamwokota, na mama anamnunua kutoka kwake kwa kuku. Ndiye huyo anaitwa Makokha. Kwa hivyo mtu akikutajia jina hilo, hakuna haja umuulize habari ya nduguze wakubwa. Ameshakuambia wako wapi.

"Nilikuwa nikipika chai nyuma ya hapa," sauti iliendelea, taratibu, bila ushindi, "nikasikia mtu anasema nyumbani kwake hakujawahi kulia mtoto. Nikashangaa. Mama Festus, hao waliotangulia walikuwa wanaugua nini?"

Nanyama alikaa tena kwenye kiti. Alikaa vibaya, upande mmoja, kama mtu aliyekosea mahali pa kiti.

Kwenye mkeka, Jentrix aliona nyanya yake anamwangalia. Akafanya kitu watoto wagonjwa hufanya wakiona mtu mzima ana wasiwasi: akajaribu kumsaidia.

"Kukhu, saa hii hainiumi sana," alisema. "Imebaki mikono tu." Akainua mikono aonyeshe. Vidole vilikuwa vimefura kama maboga machanga.

Nanyama aliinama, akaishika ile mikono. Miezi yote hii alikuwa hajaishika. Aliigeuza, akaibonyeza kidogo, akamtazama mtoto machoni, kwenye lile manjano.

"Ilikuwa hivi," alisema.

"Nini ilikuwa hivi, mayi?" Festus aliuliza.

"Mikono yao. Wa kwanza, wa pili, na yule msichana. Inafura hivi, halafu miguu, halafu macho yanageuka rangi, halafu mtoto analia usiku na mchana mpaka sauti inaisha. Tulisema ni jicho. Tulisema mtu anawaangalia." Alivilaza vile vidole kwenye kiganja chake. "Tulisema ni Jerono."

Kamba ilianguka kutoka mkononi mwa Wepukhulu. Hakuiokota.

"Jerono ni nani?" Festus aliuliza.

Nanyama akajibu mwenyewe.

"Mke mwenzangu. Baba yako alimtoa huko juu Mlima Elgon, akamleta wakati mimi nazika wa pili. Hakujua lugha yetu vizuri. Alikuwa anacheka ovyo kwa sababu haelewi mtu anasema nini. Wewe ulipozaliwa, yeye ndiye alikutoa jalalani."

"Uliniambia ni mama mzee mpita njia. Uliniambia alikufa."

"Nilikudanganya."

Aliendelea kushika mikono ya Jentrix akiongea, na aliongea chini chini, ikabidi watu wasogee.

"Alikubeba kifuani mchana kutwa. Alikataa kuku, akasema mtoto hauzwi. Hilo lenyewe tulilishika kama ushahidi. Maana baada yako nilizaa mwingine, na mikono ikafura tena. Akafa. Tukasema, si mnaona, huyu wa jalalani anapona kwa sababu ni wake, hawa wengine anawala. Yeye akalia na mimi kwa mazishi, na mimi nikasema, angalieni, mchawi analia."

"Halafu?" Nakhungu aliuliza.

"Halafu nyumba yake ikachomwa."

"Na nani?"

Nanyama hakutaja mtu. Lakini Wepukhulu alikuwa amegeuza mgongo, na mgongo wake ulikuwa umejibu.

"Aliondoka na sufuria kichwani," Nanyama alisema. "Nasikia alifika Moi's Bridge. Nasikia bado yuko, anauza mahindi huko karibu na mto. Na hakuwa amefanya kitu. Kama huyu Festus anasema kweli, basi ilikuwa ni mimi na baba yake. Damu yangu na damu ya bwana yangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

"Hata nyinyi hamkufanya kitu, mayi," Festus alisema. "Mlibeba tu. Hakuna mtu anachagua."

"Kubeba si kosa. Nimesikia." Alimwangalia mtoto wake. "Lakini mimi sikuchoma nyumba na damu, Makokha. Nilichoma na mdomo."

Mzee Wabwile alikohoa. Alikuwa mwenye boma, na mwenye boma lazima aulize la boma.

"Sasa hizi ng'ombe?"

"Zikae," Wepukhulu alisema, bado amegeuka. "Zikae, mzee. Tusamehe."

Festus alimsogelea Nakhungu, akainama kuchukua kile kikapu kidogo cha nguo za mtoto kilichokuwa mlangoni. Bila shaka aliona mambo yameisha. Wanaume sisi tukishasema samahani tunaanza kutafuta mizigo.

"Weka chini," Nakhungu alimwambia. "Ng'ombe zimekaa, sawa. Mimi sijasema narudi. Ulinyamaza mahindi yakaota mpaka yakakauka, sasa ni zamu yako kungoja."

Akaweka kikapu chini.

Halafu Nakhungu akamgeukia mama mkwe wake. Ilikuwa nafasi yake ya kulipiza, na wanawake wa Chwele walijikunja wakiingoja. Lakini alichosema kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Mayi, mimi leo nimesemewa. Amechelewa, lakini amesema. Na mama yangu akasema, hata kama ni kwa ukuta. Yule Jerono, siku ile, nani alimsemea?"

Nanyama alifikiri kweli kweli, akapita kwenye nyuso za siku ile moja baada ya nyingine.

"Hakuna," alisema.

Aliachilia mikono ya Jentrix polepole, akaifunika na kitambaa. Akafungua ile leso ya kanisa kichwani, akaikunja, akaiweka kwenye kiti. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko watu walivyodhani.

"Nataka kwenda Moi's Bridge," alisema. "Leo, kabla sijapata maneno mengine ya kujidanganya. Nikimkuta nitamwambia mbele ya watu wake, vile nilimsema mbele ya watu wangu. Lakini najijua. Nikienda peke yangu, miguu itageuka njiani. Na hata kosa lenyewe sikulifanya peke yangu."

Alimwangalia Wepukhulu. Wepukhulu alikuwa anasoma majani ya paa.

Aliwaangalia wanawake wa Chwele, waliokuwa wasichana wakati ule na walipiga vigelegele nyumba ikiwaka. Mmoja alianza kutafuta kitu kwenye kifundo cha leso. Mwingine alimwinamia jirani yake, akamuuliza kama mvua itanyesha.

Alimwangalia mtoto wake, aliyeokotwa. Festus alikuwa ameangalia kifua chake mwenyewe, kana kwamba kuna mahali pameachwa alama.

"Nauliza," Nanyama alisema. "Nani atakuja na mimi?"